Bure, Mwanangu

Nimefanya kazi kwenye ofisi ya bonde la mto miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sijapata kuichukia karatasi kama nilivyoichukia ile ya Jumatatu. Lilikuwa jedwali la kurasa mbili tu. Bonde zima limo humo, kuanzia chemchemi za milimani mpaka mtambo wa maji wa mjini, limekatwa vipande ishirini na viwili kama kitambaa mezani kwa fundi cherehani. Kila kipande kimepewa namba mbili. Ya kwanza, kinaleta nini kikiachwa kilivyo. Ya pili, kitaleta nini kikibadilishwa matumizi. Alhamisi bodi ingekaa, na kipande ambacho namba ya pili imeizidi ya kwanza, kingebadilishwa. Watu wazima na akili zao, wanaupima mto kama mafungu ya nyanya.

Kipande cha kumi na nne ni kinamasi cha kwetu. Nasema cha kwetu kwa sababu nilizaliwa ukingoni mwake, na mama yangu yuko pale mpaka leo. Anakata mafunjo, anayaanika, anasuka mikeka. Mikeka hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikaweza kusoma majedwali ya ovyo kama lile. Kikikaushwa na kupandwa miwa, kinamasi kitaleta milioni mia na themanini kwa mwaka. Kikiachwa kilivyo, sifuri.

Nilisoma mara tatu. Hata jalala la mji lilikuwa na milioni mbili, kwa ajili ya waokota chupa.

Ofisini wananiita Pilipili, na sijawahi kuuliza kwa nini. Nililikunja lile jedwali nikaenda nalo moja kwa moja chumba cha mwisho kwenye ukumbi, alikokaa Mshauri. Huyu ni mtaalamu wa uchumi aliyekodiwa na bodi kwa miezi sita. Ni mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye kishikizo cha mwisho, na anakunywa maji ya chupa huku anakadiria mto.

"Sifuri hii umeitoa wapi?" nilimuuliza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sifuri hii umeitoa wapi?"

Hakukasirika, na hilo likanikera zaidi. Alifungua kabati la chuma, akatoa boksi la miaka mitano iliyopita, akaniwekea mezani rundo la madodoso. Nyumba kwa nyumba, kaya sitini na moja zinazokizunguka kinamasi. Alinifungulia ukurasa wa pili, swali la saba. "Kaya inalipa kiasi gani kwa maji na mafunjo inayochukua kinamasini?" Majibu sitini na moja, na yote ni neno moja. Bure. Bure. Bure.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Niliikumbuka siku ile vizuri sana. Nilikaa kwenye kigoda cha mama, nikamuuliza maswali kama mgeni kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina, na mama akawa anacheka. Nilipofika swali la saba akasema, "Bure, mwanangu. Tangu lini mtu akalipia maji ya Mungu?" Nikaandika bure. Tulipomaliza, nilirudi ofisini nikatengeneza karatasi ya kuilisha mashine, kwa sababu mashine haili maneno. Ndiyo ikawa moja, hapana ikawa mbili, bure ikawa sifuri. Karatasi hiyo nayo ilikuwa kwenye boksi, na chini yake kuna sahihi yangu imechorwa kwa madaha kabisa.

Mama aliposema bure, alimaanisha hatudaiwi. Mashine ikaelewa hakifai. Neno ni hilo hilo, tunasema maji ya bure na tunasema fulani bure kabisa, na kila mtoto anajua lipi ni lipi. Nami niliyenyonya lugha hii pamoja na maziwa ndiye niliyezichanganya maana zake mbili kwenye kisanduku kimoja. Nilitamani kumgombeza mtu. Chumbani tulikuwa wawili, na mwenye kosa hakuwa yeye.

"Inarekebishika?" niliuliza, sauti imeshuka.

"Kwa njia mbili," alisema Mshauri. "Ya kwanza, niletee namba yenye chanzo kabla ya Alhamisi, niiweke mahali pa sifuri. Ya pili, niifute sifuri kwa kuwa jibu lilirekodiwa vibaya, kisanduku kibaki kitupu."

"Kikibaki kitupu inakuwaje?"

"Kanuni zenu wenyewe zinasema kipande ambacho thamani yake haijapimwa hakiguswi mpaka kipimwe upya. Miaka miwili hivi. Lakini Mkuu wa ofisi yenu hatafurahi. Atauliza nani aliharibu dodoso."

Mkuu hakungoja kuuliza. Ofisi yetu ina kuta za mbao, siri haikai. Alinikuta mlangoni kwangu na kikombe chake mkononi, akaniambia kwa utaratibu, "Pilipili, sitaki tundu kwenye jedwali langu. Tundu ni aibu. Jaza."

Jumanne nilichukua pikipiki ya ofisi nikaenda kwa mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, mkeka umefika nusu, mafunjo mabichi yameegemezwa ukutani yanakauka. Kinamasi kinaanzia hatua ishirini kutoka alipokaa. Watoto wa jirani walikuwa wanachota maji kwenye kijisima cha pembeni, pale ambapo maji yameshachujwa na mizizi yanatoka meupe. Nilimsalimia, nikamweleza yote bila kuficha, hata la mwandiko wangu. Alisikiliza huku vidole vinaendelea.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema kinamasi bure," alisema.

"Ulisema ni cha bure, mama. Kosa langu."

"Haya. Sasa unataka nini?"

Nikatoa dodoso jipya. Swali ni moja tu, na Mshauri ndiye aliyeliandika. Nikalisoma kama lilivyo. "Ukilipwa kiasi gani utakubali kuondokewa na huduma za kinamasi?"

Mama aliacha kusuka. "Huduma? Nani anamhudumia nani?"

"Ndivyo wanavyoviita. Maji, mafunjo, samaki, kuzuia mafuriko. Ni huduma ambazo kinamasi kinakupa."

"Mimi nilidhani naishi tu, kumbe nahudumiwa," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha uso ukabadilika. "Hilo siyo swali, mwanangu. Hiyo ni bei."

"Siyo bei, mama. Ni thamani."

"Tofauti yake nini?"

Nikaanza kumweleza, nikajikuta nababaika. Miaka kumi na tisa ya kazi, na tofauti hiyo sikuweza kuieleza kwa mtu anayeuza mikeka tangu kabla sijazaliwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuza. Nikiwa na miaka minane tulikuwa tunakaa naye kando ya barabara kuu, na somo la kwanza lilikuwa hili. Usitaje bei mpaka umekubali moyoni kwamba mkeka unaondoka. Ukitaja, umeshauza, kilichobaki ni kupatana. Somo la pili lilikuja siku niliyotaja bei ya mkeka mkubwa, na mwanamume mmoja akatoa pesa hapo hapo bila kusema neno. Nilifurahi. Mama hakufurahi. Aliniambia, "Mnunuzi asipopatana, ujue umekosea."

"Basi nisaidie, mama," nilisema. "Taja kitu. Chochote. Taja kikubwa."

"Si umesema kuna njia ya kuacha patupu?"

"Ipo."

"Acha patupu."

"Mama, hiyo ni miaka miwili tu. Baada ya hapo watarudi na maswali yale yale."

"Wakirudi watanikuta. Nikiwa nimekufa, watakukuta wewe. Acha patupu."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na sijui hata nilimkasirikia nani. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba ukaidi wake ndio utakaommaliza. Nikamwambia dunia ya sasa ni ya namba, asiyekuwa na namba hayupo. "Ukinyamaza, watasema huna unachopoteza. Watakuita bure!"

"Nimeitwa vibaya zaidi," alisema, akarudi kwenye mkeka wake.

Niliondoka bila hata kunywa maji aliyonitilia. Hasira hasara, wanasema, lakini njiani nilijiona mwenye akili kuliko ukoo wetu mzima.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye mtambo wa maji, pale mto unapoingia mjini. Anayeuendesha ni fundi mmoja wa makamo. Amekaa na pampu hizo hata masikio yamekufa ganzi, na anaongea kwa kelele hata akitaka kukunong'oneza. Kazi yake ni kuyapokea maji ya mto, kuyatia shabu ili tope lishuke chini, kuyapitisha kwenye mchanga, na kuyapandisha kwenye matangi. Kila asubuhi anajaza chupa ya kioo, anaiinua dirishani, anaandika kwenye daftari maji yamekujaje. Ana madaftari ya miaka kumi na miwili, yamepangwa kwenye rafu karibu na ndoo ya oili.

"Kile kinamasi ndicho chujio langu la kwanza!" alinipigia kelele. "Kinafanya kazi usiku na mchana, hakiombi likizo, hakina chama cha wafanyakazi. Angalia hapa." Alifungua daftari la mwaka ule moto ulipoteketeza upande wa juu wa kinamasi. Miezi minne mfululizo ameandika kwa kalamu nyekundu: kama chai ya maziwa, kama chai ya maziwa, hayafai. Magunia ya shabu yalikuwa yamepanda mara tatu, na mchanga wa kuchujia ulibadilishwa mara mbili ndani ya msimu mmoja.

Tuliketi na kikokotoo. Kama kinamasi kikiondoka chote, mji utahitaji shabu kiasi gani zaidi kwa mwaka, na mchanga, na vibarua wa kuubadilisha. Tulipiga, tukarudia, tukapata milioni arobaini na mbili. Sitaki kusema uongo, moyo wangu uliruka. Namba ina chanzo, ina madaftari kumi na mawili nyuma yake, na hakuna aliyelazimika kutaja bei. Mama abaki na ukaidi wake, kinamasi kibaki na maji yake.

Fundi alikuwa bado anakuna kichwa. "Lakini hii ni shabu na mchanga tu, dada. Sijaweka samaki. Sijaweka mafuriko. Sijaweka mafunjo ya mama yako wala kisima chake. Hivyo mimi sivijui."

"Haidhuru. Tunahitaji namba."

"Namba yenyewe ni ndogo kuliko ya miwa."

"Najua. Bodi ikiona sifuri siyo sifuri, italazimika kukaa chini na kujadili. Nikishapata mjadala, mengine niachie."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaniazima daftari la moto. Aliniambia nisilipoteze, maana mkewe mwenyewe haruhusiwi kuligusa.

Jioni Mshauri alikuwa anafunga ofisi. Nilimpa namba. Aliandika, akasita, kidole kikiwa juu ya kibonye cha kompyuta. "Una hakika, dada? Naweza kuacha kitupu. Mimi mkataba wangu unaisha mwezi ujao, Mkuu akininunia si kitu."

Swali hilo aliniuliza kwa nia njema, na nafasi yenyewe nilikuwa nayo mikononi. Ningesema acha kitupu. Maneno mawili, yale yale aliyoyasema mama. Lakini nilikuwa nimeshajiona kwenye kikao nimesimama na daftari, nawanyamazisha. Nilimwogopa Mkuu pia, nikiri tu, nilimwogopa kwa sababu ya lile dodoso na sahihi yangu ya madaha. Na zaidi ya yote nilitaka kushinda. Kisanduku kitupu hakimshindi mtu.

"Weka namba," nilisema.

"Chanzo niandike nani? Fundi siyo mkaazi wa pale."

"Niandike mimi. Kwa niaba ya jamii."

Nikatia sahihi.

Alhamisi chumba cha mikutano kilikuwa na feni moja iliyokuwa ikilia kama mbuzi. Wajumbe tisa mezani, Mkuu anaongoza, Mshauri pembeni anabadilisha kurasa ukutani, mimi kwenye kiti cha nyuma na daftari la fundi mapajani. Vipande vilipita kimoja kimoja. Kwenye kipande cha tisa walibishana nusu saa juu ya kichaka kimoja cha mianzi. Nikafurahi, nikajisemea, leo wameamka na ari ya kujadili.

"Cha kumi na nne," alisema Mkuu. "Kinamasi. Naona hapa palikuwa na sifuri, sasa tuna milioni arobaini na mbili, imetajwa na afisa wetu kwa niaba ya jamii. Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno.

"Ni pesa ya haki," alisema mjumbe mmoja, akageuza ukurasa.

"Ni haki kabisa," alisema mwingine.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, waseme ni kubwa mno, waseme madaftari ya fundi siyo utafiti, waseme nina upendeleo. Sikuwa nimejiandaa kwa hili. Ikanijia sauti ya mama, kando ya barabara kuu, mimi nina miaka minane na pesa mkononi.

"Mia na themanini, toa arobaini na mbili," alisema Mkuu, "inabaki mia na thelathini na nane. Wakaazi walipwe fidia hiyo ya arobaini na mbili, mara moja, kisha kazi ya mifereji ianze. Tunaendelea."

Nilisimama. Sikumbuki kuomba nafasi. Nilisema ile ni gharama ya kila mwaka na siyo ya mara moja. Nikasema ni shabu ya mjini, haihusiani na kuwalipa watu wa kinamasini. Nikasema samaki hawamo, mafuriko hayamo, kisima hakimo. Nilifungua daftari, nikaanza kusoma kalamu nyekundu. Walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, Mkuu alivua miwani.

"Mama, namba umeileta mwenyewe," alisema. Hakuniita Pilipili. "Ulituambia thamani, tumeikubali kama ulivyoisema, hatukukupunguzia hata senti. Sasa unalalamika nini?"

Kipande cha kumi na tano kilikuwa shamba la miti. Walikijadili dakika arobaini.

Ukumbini Mshauri alinifuata. Alinipa chupa yake ya maji. Niliinywa yote. Nilikuwa na kiu ya siku mbili.

Wiki tatu nilitafuta sababu za kutokwenda nyumbani. Ya nne nilikwenda. Tangu barabarani niliviona vigingi, vimepakwa rangi nyekundu, vimepangwa mstari ulionyooka katikati ya mafunjo mpaka macho yanapoishia. Kimoja kilikuwa karibu na kijisima. Watoto walikuwa wamekitundikia ndoo.

Mama alikuwa amekaa pale pale, nyuma ya nyumba. Mkeka wa siku ile ulikuwa umeisha na mwingine umeanza. Barua ya ofisi ameiwekea jiwe isipeperuke. Nilimsalimia, akaitika vizuri, akanionyesha barua kwa kidevu.

"Nisomee. Ya kwetu imeletwa na kijana mwenye haraka, amesoma kama anafukuzwa."

Nilisoma. Fidia ya milioni arobaini na mbili, igawanywe kwa kaya sitini na moja, kwa mujibu wa thamani ya kinamasi kama ilivyotajwa na jamii yenyewe.

"Jamii," alisema mama. "Nimezunguka nyumba zote, mwanangu, kwa miguu hii mibovu. Nimeuliza kila mlango. Hakuna aliyetaja. Jamii hiyo ni nani?"

Chini ya barua kulikuwa na mstari wa chanzo, umeandikwa kwa herufi ndogo. Mama hajui kusoma, ningeweza kuuruka. Niliusoma. Nilisoma cheo changu, nikasoma jina langu, lile alilonipa yeye.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga, ningejua pa kuanzia. Alichukua unyasi wa mafunjo, akaupasua katikati kwa ukucha, akaanza kuusokota.

"Ulipotaja," aliuliza, "walipatana?"

"Hapana, mama," nilisema. "Walikubali hapo hapo."